Kutunza tenki la furu bila kujichosha

Wengi hapa Mwanza wanaanza kufuga furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kwa moto, mwezi wa pili wameshachoka, na mara nyingi ni kwa sababu wanaosha kila kitu siku moja. Mimi Jumapili natoa maji robo tu, mpira nauingiza kwenye tenki ncha nyingine iko kwenye ndoo chini, naupitisha taratibu juu ya changarawe, uchafu wa kahawia unauona kabisa unapita ndani ya mpira, dakika 15 nimemaliza. Maji ya bomba nakinga Jumamosi naacha ndoo wazi masaa 24 klorini ipungue.

Ila sponji ya filta ndo watu wanaharibu jamani! Usiioshe bombani, ikamue kwenye ile ndoo ya maji uliyotoa, maana bakteria wanaomaliza amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki, wanaishi humo humo na klorini ya bomba inawaua, mimi niliwahi kuiosha na sabuni nikapoteza furu wanne ndani ya siku tatu, iliniuma sana. Chakula weka kidogo, kiishe ndani ya dakika mbili. Kioo futa kila baada ya siku mbili, mwani ukishaganda utakesha unakwangua.