Jinsi ya kukagua mpango wa kupanua eneo la kuteleza thelujini ndani ya msitu wa umma

Nchini Marekani, kampuni za michezo ya theluji hutumia misitu ya taifa kwa kibali ambacho, kwa sheria ya 1986, huweza kufika miaka 40. Upanuzi mkubwa lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira. Ripoti yake huwa nene. Muhtasari uache kwanza, fungua ramani na majedwali.

Tenganisha hekta zitakazokatwa miti tu na zile zitakazosawazishwa kwa tingatinga. Zikijumlishwa, madhara hufichika. Mti ukikatwa na kisiki kikaachwa, mizizi huendelea kushika udongo kwa miaka kadhaa, na mbegu zilizolala ardhini huota. Tingatinga huondoa udongo wa juu pamoja na mbegu zake. Theluji ikiyeyuka, maji hayapenyi ardhini. Hutiririka na kuchimba vijikorongo, na tope huishia mtoni. Nyasi za kupandwa hupendezesha picha, hazirudishi udongo.

Sasa maji. Theluji inayotengenezwa kwa mashine yenye kina cha sentimita 30 juu ya hekta moja ni mita za ujazo 3,000. Kila mita ya ujazo ikiwa na uzito wa kilo 450, unahitaji lita 1,350,000 za maji, bado hujahesabu yanayopotea hewani. Zidisha kwa hekta zote. Ripoti ikitaja ekari-futi, moja ni takriban mita za ujazo 1,233. Lakini jumla ya mwaka hudanganya. Tafuta ni lita ngapi kwa sekunde zitavutwa Novemba na Desemba, mto ukiwa umepungua na mayai ya baadhi ya samaki aina ya trauti yakiwa kwenye changarawe.

Kwenye ardhi oevu, usiridhike na “hekta sifuri zitaguswa”. Mtaro wa bomba ukichimbwa upande wa juu hukata maji ya chini ya ardhi yanayoilisha, ikakauka bila kuguswa. Kwa linksi wa Kanada, paka-mwitu anayelindwa kisheria tangu 2000, angalia kama njia mpya za kuteleza zinakata vichaka vizito anamowinda sungura.

Andika maoni kabla ya tarehe iliyotangazwa, kwani asiyeandika mapema kwa kawaida hawezi kuweka pingamizi baadaye. Taja ukurasa, jedwali, na takwimu inayokosekana. Barua moja iliyonakiliwa na watu mia hujibiwa kama hoja moja.