Acheni kuchoma viota vya nyigu

Juma lililopita nilisimama kwenye ploti moja upande wa Ruai, Nairobi, nikitazama ubao wa paa uliogeuka mkaa, urefu wa mkono mzima. Chini yake palikuwa na magunia manne yaliyopandwa sukuma wiki, yote yamedondokewa petroli. Aliyewasha moto ni baba mwenye bidii, analima vizuri kuliko wengi ninaowatembelea. Alikuwa ameona kiota cha nyigu kando ya mtaro wa paa, akafunga tambara kwenye ufito, akalilowesha, akaliwasha saa saba mchana. Alidungwa mara tisa. Majirani wakauzima moto kwa ndoo za maji. Na siku ya tatu, nilipofika, nyigu walikuwa wamejikusanya kwenye ubao mzima, shubiri mbili tu kutoka palipoungua, wameshaanza kiota kingine.

Ndiyo sababu ninaandika. Kupanda sukuma na kumwagilia mnajua, wengine kunizidi. Kosa la mwenge ndilo linalorudiwa mtaa baada ya mtaa, na ni kosa ghali.

Kwanza, mwenge haufanyi kazi. Saa saba mchana wengi wa nyigu hawako kiotani, wametoka kuwinda na kutafuta maji. Unachoma kiota kilicho kama karatasi, mabuu na wachache waliobaki. Wengine wanarudi, hawakuti nyumba, wanazunguka pale siku kadhaa wakiwa na hasira, kisha wanajenga karibu. Waliokuwepo nao hawangoji waungue, wanashuka moja kwa moja kwa aliyeshika ufito. Pili, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kwenye miguu yako na unaweza kulipuka kabla moto haujagusa kiota. Chini ya paa pana mbao kavu, na mara nyingi pana nyaya za umeme. Katika nyumba za mabati zilizoshikana, kama Mukuru au Kibera, moto wa mlango mmoja ni moto wa ploti nzima. Mkulima, usinijibu kwamba wewe unatumia mafuta ya taa badala ya petroli. Ni moto uleule.

Hasara ya tatu huonekana baadaye, bustanini. Simama kando ya gunia lako la sukuma saa nne asubuhi, jua likishapasha majani, utulie dakika kumi. Nyigu mwembamba wa kahawia, miguu inaning'inia, anatua na kutembea jani kwa jani akipapasa kwa vipapasio. Akikuta kiwavi anamkamata, anamtafuna palepale mpaka awe kidonge cha kijani, kisha anaruka nacho kwenda kulisha mabuu. Hatoboi sukuma. Matundu ni ya viwavi, na huyu amekuja kuwatoa. Wakulima wengi humwona juu ya jani lenye matundu wakamhukumu yeye. Viwavi wa nondo mgongo-almasi ndio wasumbufu wakubwa wa jamii ya kabeji, na wamezoea dawa nyingi zinazouzwa. Ukiua wawindaji wako kisha ukaenda agroveti kununua dawa, unalipa kwa kazi iliyokuwa ikifanywa bure. Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, walileta aina ya nyigu wadogo sana kutoka Taiwan kwa ajili ya nondo huyuhuyu, wakaanza kuwaachilia nchini mwaka 2002. Wewe wako umepewa bila gharama.

Ukiona nyigu wengi wanalamba majani bila kuwinda, geuza jani utazame upande wa chini. Huenda kuna vidukari, na nyigu wamefuata majimaji matamu ya vidukari hao. Osha vidukari kwa maji ya nguvu.

Sasa vipimo, na tafadhali pima, usikadirie kwa jicho. Kiota kilicho zaidi ya mita 4 kutoka mlango, dirisha, choo, kamba ya nguo au njia ya watu, na kikiwa juu ya mita 2 na nusu, kiache. Mita 4 ni kama hatua tano ndefu za mtu mzima. Kiota kilicho ndani ya ua wa miti au nyuma ya banda ambako hakuna anayepita, kiache pia, ila funga utepe mwekundu kwenye mti ulio karibu nacho ili anayekuja kupunguza ua asikivamie kwa panga. Cha kuondoa ni kile cha mlangoni, chini ya ngazi, au mahali watoto wanachezea.

Dawa bora ni kuwahi. Kila Jumamosi asubuhi zunguka nyumba ukitazama chini ya paa, ndani ya mabomba ya geti na nyuma ya tangi la maji. Kiota kipya huwa na vitundu vichache, ukubwa wa kizibo cha soda, kinaning'inia kwa kikonyo kimoja chembamba, na mara nyingi kina jike mmoja tu. Hicho kiangushe kwa fagio lenye mpini mrefu kungali baridi, kabla ya saa moja. Akirudi kujenga, angusha tena. Hupita zaidi ya mwezi kutoka yai mpaka mtoto wa kwanza kuruka, kwa hiyo anayekagua kila wiki hatakuta jeshi. Anayekagua Krismasi hadi Krismasi ndiye ananipigia simu akilia.

Kikishafika ukubwa wa kiganja, fanya hivi. Pampu ndogo ya mkono ya lita 2 ambayo haijawahi kutiwa dawa ya magugu. Maji lita 2, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo vijiko 6 vya mezani, vilivyojaa. Si kofia mbili za chupa, wala si povu la omo. Sabuni haba humlowesha nyigu tu na kumkasirisha. Ikiwa ya kutosha, maji hupenya kwenye vitundu vyake vya kupumulia. Kaza mdomo wa pampu utoe mkondo mmoja, si ukungu, na uujaribu kwanza ukutani mbali na kiota.

Muda ni saa kumi na moja alfajiri. Bado giza, wote wako nyumbani, na baridi ya Nairobi imewalegeza. Si saa kumi na mbili na nusu, wala "nikimaliza chai". Vaa koti zito, gambuti, glavu, na kofia pana iliyofunikwa kwa chandarua kikuukuu, ncha zake ndani ya kola. Tochi usiishike, kwa sababu nyigu huifuata taa. Iweke chini, mita 2 kando yako, imefunikwa kitambaa chekundu. Simama mita moja na nusu kutoka kiotani, upande, si chini yake. Elekeza mkondo kwenye kikonyo kwanza, kisha kwenye vitundu, sekunde 20 bila kuacha. Rudi nyuma, ngoja dakika 15. Ndipo uangushe kiota ndani ya ndoo ya maji ya sabuni. Usipande ngazi gizani. Kama hufikii ukiwa umesimama ardhini, mwite fundi mwenye vifaa. Na kama ni nyuki, usifanye lolote kati ya haya, mwite mfugaji wa nyuki.

Kisha kwaruza kikonyo. Watu husahau hapa. Kile kishina cheusi kinachong'aa hupakwa na nyigu ili kuzuia sisimizi. Kitoe chote kwa kisu cha zamani, osha mahali kwa sabuni, na kukipambazuka upake rangi.

Mafanikio ni kwamba wiki mbili zinapita bila kiota kipya mlangoni na majani machanga hayana matundu mapya.

Ukidungwa, ondoka hapo kwanza bila kumponda nyigu, kwa kuwa harufu ya sumu inaweza kuwaamsha wenzake. Haachi mwiba kama nyuki, hivyo usikamue. Osha kwa sabuni, weka kitambaa baridi dakika 10. Midomo au ulimi ukivimba, sauti ikikwama, vipele vikisambaa mwili mzima au kizunguzungu kikija, hakuna kungoja. Mpeleke hospitali wakati huohuo, anahitaji sindano ya adrenalini. Vivyo hivyo aliyedungwa ndani ya mdomo.

Yale magunia manne ya Ruai tuliyamwaga. Mboga iliyodondokewa petroli hailiwi hata ikioshwa. Baba yule ameanza upya kwa udongo mwingine, na kile kiota cha pili tulikiondoa pamoja alfajiri ya Jumanne, kwa lita 2 za maji ya sabuni.