Kabla hujashika zamu ya mlangoni

Ukienda kujitolea katika nyumba ya ukarimu, yaani nyumba inayowapokea na kuwalisha wasio na makazi, usikimbilie jikoni. Kila anayeanza kazi hutaka kushika upawa na kugawa supu. Wanaokosekana ni watu wa kukaa mezani. Pakua chakula chako, keti na wageni, mle pamoja. Usimhoji mtu ilikuwaje akakosa makazi. Ameshaulizwa hayo katika kila ofisi aliyoingia. Ongeeni mpira, au kaeni kimya.

Tunawaita wageni kwa sababu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ile aliyowaandikia wamonaki, sura ya 53, inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo, kwa neno lile la Mathayo 25: "Nalikuwa mgeni, mkanikaribisha." Na mwaka 1933 Wakatoliki wawili, Dorothy Day na Peter Maurin, walipoanzisha gazeti la Catholic Worker (Mfanyakazi Mkatoliki) jijini New York, wakiliuza senti moja, haikuchukua muda watu wasio na kazi wakawa wanabisha hodi; ndipo zikaanza nyumba za ukarimu. Wanaojitolea humo kwa kawaida hawana mshahara, kwa hiyo uliza mapema kama utapewa chumba na chakula.

Zamu ya mlangoni ndiyo ngumu kuliko zote. Vitanda vikijaa, sema vimejaa. Usimwambie mtu "labda baadaye" huku unajua hakuna nafasi, maana atasubiri kwenye baridi kwa ajili ya hilo "labda" lako. Toka nje, mtazame usoni, umwambie. Kisha piga simu kwingine kabla hujamwelekeza huko, na umpe ulicho nacho: chai, blanketi, soksi. Hasa soksi. Watu hutuletea makoti mpaka tunakosa pa kuyaweka, ilhali anayetembea kutwa kwenye maji miguu yake ndiyo huharibika kwanza.

Mtu akija amelewa na anapiga kelele, usibishane naye. Shusha sauti, usimzibie njia ya kutokea, mwite mwenzako mzoefu. Aliyelala usimtikise: simama upande wa miguuni, umwite kwa jina. Wengi wamewahi kupigwa usingizini.

Pesa usikopeshe hata kidogo. Dawa zako usimgawie mtu.

Sala ipo, na saa yake inajulikana, lakini sahani ya chakula haina masharti. Mimi nyumba inayomhubiria mwenye njaa kwanza ndipo imlishe, singeitumikia.

Na usimfanyie mtu kila kitu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: anayetaka kufagia mwachie ufagio, hata kama wewe ungefagia vizuri zaidi. Kuna wazee hapa wanaojua boila inavyowashwa kuliko sisi sote.

Pumzika siku yako ya mapumziko, utoke kabisa nje ya nyumba. Ukikaribia kuondoka, watangazie wageni tarehe mapema na uwaage mmoja mmoja. Wamechoshwa na watu wanaotoweka. Halafu rudisha funguo.