Kupaka vanishi ya maji kwenye mbao za ndani

Vanishi ya maji ikiwa kwenye kopo ni nyeupe kama maziwa. Usishtuke, ikikauka haina rangi, na mbao nyeupe hazigeuki njano kama zinavyogeuka chini ya vanishi ya mafuta. Kinachowaponza wengi ni maji yenyewe: yanasimamisha nyuzi za mbao, kisha yanakauka upesi kuliko alivyozoea mtu wa vanishi ya mafuta.

Nyuzi zimalize mapema. Piga msasa namba 120, kisha 150, mwisho 220, kwa kufuata mkondo wa nyuzi. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu kisichodondosha maji, uache saa 2 au 3. Ukipitisha kiganja utahisi vinywele vikali, kama kidevu kilichonyolewa juzi. Viondoe kwa msasa 220 uliokwisha makali, tena kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza unaibua nyuzi nyingine na kazi inarudi mwanzo. Pamba ya chuma iweke mbali: vipande vyake hunasa kwenye mbao, vinapata kutu, na madoa yake hayatoki bila kukwangua upya.

Koroga taratibu hadi chini ya kopo. Usilitikise, utajaza mapovu. Mimina kiasi kwenye chombo kingine ukichuja kwa soksi ya nailoni. Brashi iwe ya nyuzi za plastiki, kwa sababu nywele za mnyama hunywa maji zikalegea. Ilowanishe, ikung'ute, ndipo uchovye theluthi yake tu.

Zima feni kwanza. Paka mkono (yaani tabaka) mwembamba, ubao mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, kila mpako ukishika ukingo ambao bado mbichi. Lita 1 hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Ikiishia mita 6, unapaka nene mno. Na ukigundua baada ya dakika 5 kwamba umeruka mahali, paache! Brashi ikirudi juu ya vanishi iliyoanza kushika inaacha michirizi, ilhali pengo litazibwa na mkono unaofuata.

Baada ya saa 2 hadi 4 jaribu msasa 320. Msasa ukitoa unga mweupe, futa vumbi upake tena. Ukiviringisha vidonge, vanishi bado haijakauka. Mlango hutosheka na mikono 3. Meza na ngazi ziongezee wa 4.

Ukungu mweupe ni maji yaliyofungiwa chini ya mkono mnene au na hewa yenye unyevu. Subiri uondoke kabla ya kupaka tena. Vanishi ikijikusanya na kuacha vijicho (vishimo vya duara), pana nta au mafuta: acha ikauke, piga msasa, safisha kwa spiriti.

Vitu vyepesi viweke baada ya saa 24. Zulia, kitambaa cha meza na maji ya sabuni vingoje wiki 3, maana vanishi iliyokauka ukiigusa huwa bado haijakomaa ndani.