Picha ikivimba: kupima kidhibiti cha volteji kubwa kwenye runinga ya rangi ya vali

Ongeza mwanga wa skrini polepole. Nyuso zikitanuka hadi ukingoni na picha ikapoteza ukali, usikimbilie kuilaumu tyubu ya picha. Anza na kidhibiti, mara nyingi vali (taa ya kioo ya kielektroniki) ya 6BK4, ile ndefu iliyo ndani ya kizimba cha chuma pamoja na flaibeki, yaani transfoma inayozalisha volteji kubwa.

Nilichelewa kuielewa kwa kuwa nilidhani inazalisha umeme. Vali hii kazi yake ni kula. Tyubu ya picha huhitaji kama volti 25,000. Skrini ikiwa nyeusi, tyubu haivuti mkondo, na volteji ingepaa. Hapo 6BK4 hubeba mzigo yenyewe, takriban miliampea 1. Mwanga ukizidi, tyubu huchukua fungu lake na vali hupunguza lake kwa kiasi kilekile. Flaibeki haihisi tofauti.

Sasa kupima. Chomoa runinga. Chukua bisibisi yenye mpini mzima wa plastiki, ifunge waya uendao kwenye chasisi (fremu ya chuma ya runinga), kisha penyeza ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira ya anodi, pale waya wa volteji kubwa unapoingia kwenye tyubu ya picha. Subiri dakika chache urudie, maana chaji hujirudisha.

Chini ya chasisi tafuta ukinza (rezista) wa omu 1,000 kwenye kathodi ya 6BK4, yaani sehemu ya vali inayotoa elektroni. Bana mita ya volti kwenye ncha zake zote mbili kabla ya kuwasha, na ukishawasha usiiguse kabisa: hapo pana takriban volti 400 kutoka kwenye chasisi. Kizimba kiwe kimefungwa. Punguza mwanga hadi mwisho. Volti 1 kwenye mita ni miliampea 1 ndani ya vali. Ongeza mwanga, namba ishuke taratibu.

Ikibaki sifuri hata gizani, usinunue vali kwanza. Mimi nilibadilisha mbili bure. Kosa lilikuwa ukinza wa megaomu unaoilisha gridi, sehemu inayoongoza mkondo ndani ya vali: ulipanda thamani, volteji ya gridi ikashuka, vali ikafunga, volteji ikapita kiasi.

Volteji ikipita kiasi huleta eksirei. Mwaka 1967 runinga za rangi za skrini kubwa ziligunduliwa Marekani zikivujisha eksirei kutoka kwenye vali ya kidhibiti, na sheria ikatungwa 1968. Kwa hiyo badilisha ukinza huo, kaza skrubu zote za kizimba, ndipo uwashe upime upya.