Foku ndefu kwenye fremu ya zamani: pima kabla ya kushika spana

Wapandaji wengi wa baiskeli wa msitu wa Karura na milima ya Ngong, hapa Nairobi na pembeni yake, wananijia na ombi lilelile: fremu ya miaka ya 1990 waliyoiokota soko la mitumba la Gikomba, na foku ya kisasa ya shoki, yaani uma wa gurudumu la mbele unaobonyea kumeza mishtuko, wanayotaka niifunge leo leo. Fremu hizo nazipenda sana. Chuma cha kromoli (kilichochanganywa kromu na molibdeni) cha enzi zile kikitunzwa kinadumu, na ndiyo sababu sitaki kuona kikiharibiwa kwa haraka.

Usiangalie tu shoki inabonyea kiasi gani. Pima urefu wote wa foku, kuanzia katikati ya ekseli ya gurudumu hadi pale bega la foku, yaani sehemu inayounganisha miguu yake miwili, linapokalia beringi ya chini ya usukani. Foku ya gurudumu la inchi 26 inayobonyea milimita 80 ina urefu wa karibu milimita 450. Ya milimita 120 inakaribia 490. Ya gurudumu la inchi 29 ni ndefu zaidi hata ikibonyea sawa na hizo, kwa hiyo iache kwa mwenye fremu yake.

Kila milimita 20 unazoongeza zinalaza kichwa cha fremu, lile bomba fupi la mbele ambamo foku inapita, kwa karibu digrii 1. Pedali zinapanda, siti inaegemea nyuma, na kwenye mwinuko mkali gurudumu la mbele linapoteza uzito, usukani unayumba. Kubwa zaidi ni usalama: foku ndefu inabetua kichwa cha fremu kama mtaimbo kila unapogonga jiwe. Mimi naishia milimita 20 juu ya urefu ambao fremu ilitengenezewa. Ukitaka zaidi ya hapo, tafuta fremu nyingine, ndugu yangu.

Sasa geuza baiskeli juu chini, usugue kwa mafuta ya taa pale bomba la chini linapoungana na kichwa. Pitisha ukucha polepole. Rangi iliyojikunja, au mstari mwembamba wa kutu unaofuata ukingo wa weldi, ni dalili kwamba chuma kimeshaanza kusalimu amri. Fremu hiyo haifai foku ndefu. Ya alumini yenye ufa usiipeleke kuchomewa, kwa sababu joto la weldi hulegeza alumini pale pembeni.

Kisha bomba la usukani, lile la juu ya foku linaloingia kwenye kichwa cha fremu. Fremu nyingi za wakati huo huchukua bomba la inchi 1 na 1/8, yaani milimita 28.6, na za zamani zaidi inchi 1. Foku nyingi mpya zinapanuka chini hadi inchi 1.5, nazo haziingii. Kama foku ni ya mitumba, hakikisha bomba halijakatwa fupi mno. Bomba la usukani haliungwi kwa weldi, hata fundi awe hodari vipi. Angalia breki pia: kama breki zako zinabana rimu na foku ina nafasi ya diski pekee, utahitaji gurudumu jipya la mbele.

Kufunga kwenyewe si kazi ndefu. Gonga ringi ya beringi hadi ikae sawasawa begani, paka grisi, ingiza foku, kaza bolti ya juu mpaka mchezo uishe lakini usukani ugeuke bila kukwama. Hapo ndipo unakaza bolti za pembeni za stemu, kile kipande kinachoshikilia usukani juu ya foku. Bana breki ya mbele, sukuma mbele na nyuma huku kidole kiko kwenye beringi. Ikicheza, legeza stemu urudie.

Kabla ya kujaza upepo kwenye shoki, toa wote uliomo, bonyeza shoki hadi mwisho, na uhakikishe tairi haigusi bega la foku wala bomba la chini. Ikigusa hata kidogo, usiipande. Ikiwa iko sawa, jaza upepo kwa pampu ya shoki: ukikaa kwenye siti, foku ya milimita 100 izame 20 hadi 25. Ukitoka Ngong mara ya kwanza, pitisha tena ukucha pale kwenye weldi, ukaze stemu upya.