Somo: Kuipa kadi ya mtandao jina lisilobadilika kwenye Linux

Wakuu, wiki iliyopita nilichomeka diski ya NVMe kwenye seva ya Debian, nikaiwasha, mtandao haukurudi. Kebo nzima, taa za swichi zinawaka. Kumbe kadi iliyokuwa enp3s0 imeamka ikiitwa enp4s0, na faili la mipangilio bado linatafuta jina la zamani.

Zamani kerneli (kiini cha Linux) iligawa majina kwa foleni: kadi iliyotambuliwa kwanza ni eth0, inayofuata eth1. Ukiwa na kadi mbili, zinaweza kubadilishana majina mashine ikizimwa na kuwashwa. Kwenye mashine ya fayawoli (inayokinga mtandao wa ndani dhidi ya wa nje) hiyo ni hatari kubwa, maana upande wa ndani unageuka wa nje. Tangu 2013 systemd (programu inayosimamia uwashaji wa Linux na huduma zake) huangalia kadi imekaa wapi: eno1 ipo kwenye madabodi yenyewe, enp3s0 ipo kwenye basi la PCI (njia inayounganisha vifaa na madabodi) namba 3, sloti 0. Za Wi-Fi huanza na wl. Lakini namba za basi hugawiwa wakati wa kuwasha, na kifaa kipya cha PCI, kama ile diski ya NVMe, kinaweza kuzisogeza. Ndicho kilichonipata.

1. Andika `ip link`, nakili anwani ya MAC ya kadi (namba yake ya utambulisho).

2. Tengeneza faili `/etc/systemd/network/10-lan0.link`:

[Match]
PermanentMACAddress=(MAC yako)

[Link]
Name=lan0

Usichague eth0, kerneli hutumia majina hayo na yatagongana. Jina lisizidi herufi 15.

3. Weka lan0 badala ya jina la zamani ndani ya `/etc/network/interfaces`. Ukiruka hatua hii, umejifungia nje.

4. Andika `update-initramfs -u` (inasasisha mfumo mdogo unaopakiwa mwanzoni mwa kuwasha), kisha washa upya. Seva ikiwa mbali, awepo mtu karibu na kibodi yake kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, si niweke tu net.ifnames=0 (chaguo la kerneli la kurudisha majina ya eth0)?*
Kwa kadi moja, sawa. Kwa mbili unarudi kwenye foleni ileile.

*Adapta yangu ya USB inaitwa enx na mkia mrefu, ni kirusi?*
Hapana ndugu. Mkia huo ni MAC yake, kwa hiyo ihamishe tundu lolote, jina linabaki.

*lspci (amri ya kuorodhesha vifaa vya PCI) inaonyesha 0a:00.0, mbona jina ni enp10s0?*
lspci huandika kwa heksadesimali (kuhesabu kwa 16), jina huandikwa kwa desimali (kuhesabu kwa 10). 0a ni 10.